Geji Iliposoma Sifuri

Mlango wa kipokezi, chombo kilicho mwishoni mwa bomba la mafuta, ulikuwa na kipenyo cha nusu mita, na spana ilikuwa tayari mkononi mwangu. Nilikuwa na miezi minne tu kazini, kwenye kituo cha nchi kavu kilichokusanya mafuta ya visima kadhaa na kuyasukuma kwa bomba kwenda kituo kikubwa zaidi. Kazi ya asubuhi ile ilikuwa kutoa pigi, lile dude la mpira na brashi linalosukumwa na mafuta yenyewe ndani ya bomba ili likwangue nta iliyoganda ukutani. Pigi lilikuwa limeshafika. Vali inayokitenga kipokezi na bomba ilikuwa imefungwa, vali ya kukamulia mafuta yaliyobaki ndani ilikuwa wazi, na geji iliyo juu ya kipokezi ilisoma sifuri. Kila hatua iliyoandikwa kwenye karatasi nilikuwa nimeifuata na kuiwekea tiki.

Fundi mkuu wa zamu alinishika begani akanivuta pembeni ya mlango.

"Umejuaje kuwa haina presha?"

"Geji inasoma sifuri, mzee."

"Hayo ni maneno ya geji. Mimi nimekuuliza wewe."

Sikuwa na jibu. Akaniambia nifunge kijivali kilicho chini ya geji, niifungue geji yenyewe, kisha nikifungue tena kijivali taratibu nikiwa nimesimama ubavuni. Nikafanya hivyo. Hakikutoka kitu: si tone, si harufu, si hata pumzi. Nilidhani huo ndio uthibitisho alioutaka. Akatikisa kichwa. Chombo ambacho muda mfupi uliopita kilikuwa kimejaa mafuta, alisema, ukikitoboa tundu lazima kitoe kitu, walau kidondoshe, walau kinuke. Kisichotoa chochote kimeziba.

Tukafunga geji nyingine nzima, kijivali tukakiacha wazi. Yeye akaleta ndoo ya maji ya moto, akaanza kulimwagia lile bomba jembamba lililobeba geji, kidogokidogo, akirudia palepale. Dakika kama kumi zikapita. Mshale ukacheza, ukatulia. Kisha ukaruka mara moja na kusimama kwenye bar 4.

Nta ilikuwa imeziba njia ya geji. Ilikuwa imeziba pia bomba la kukamulia, ndiyo maana nilipofungua vali ile nilisikia mafuta yakitiririka kwa muda kisha kukawa kimya, nami nikaelewa kuwa yameisha. Hata ile skrubu ya tahadhari iliyo kwenye mlango, inayotakiwa kuvujisha kidogo kabla mlango haujalegea, ilikuwa na nta kwenye kitundu chake. Na vali niliyoifunga kutenga bomba haikuwa imekaa sawasawa, kwa hiyo presha ilikuwa inarudi ndani polepole huku sisi tukiwa tumesimama pale.

Baadaye nilikaa na karatasi nikapiga hesabu. Mlango wa kipenyo cha sentimita 50 una eneo la karibu sentimita mraba 1,960. Bar moja ni takribani kilo moja kwa kila sentimita mraba. Bar 4 zilikuwa zinausukuma mlango ule kwa nguvu inayokaribia tani 8, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nikiwa na spana.

Mzee yule hakunifokea. Alikusanya ndoo yake, akasema "kimya kingi kina mshindo," akaenda zake kuandika.

Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu siku hiyo, kwanza nchi kavu na baadaye baharini, na bado sijapata swali lililonisaidia kuliko lile lake. Mtu wa nje akifikiria hatari ya mafuta na gesi huona moto, huona mwenge unaowaka juu ya mnara, husikia mngurumo wa kompresa inayobana gesi. Sisi tulio ndani tunajua kwamba mafuta yenyewe hatuyaoni. Yanatoka kwenye mwamba ulio kilomita kadhaa chini, yanapanda ndani ya chuma, yanapita kwenye ule msururu wa vali tunaouita mti wa Krismasi, yanabanwa kwenye choki, kipenyo chembamba kinachopunguza mtiririko, yanaingia kwenye separeta ambako gesi hupanda juu, maji hukaa chini na mafuta hubaki katikati, halafu yanaondoka kwa bomba au kwa meli. Safari yote hiyo imo ndani ya chuma. Tunachokiona ni mishale, namba, na mistari kwenye skrini. Ukianza kuziona namba hizo kama ndizo mafuta yenyewe, umekwisha kupotea.

Namba inayopotosha kuliko zote ni sifuri. Geji ikisoma bar 80 utakuwa makini bila kuambiwa. Ikisoma sifuri unapumua. Mwili wenyewe unalegea. Lakini sifuri ndiyo namba ambayo chombo kizima huitoa pale pasipo na kitu, na ndiyo namba ambayo chombo kilichoziba, kilichokatika waya au kilichokufa huweza kuitoa vilevile. Majibu mawili tofauti kabisa kwa sauti moja.

Nilipohamia baharini nilidhani nitajifunza kazi mpya. Kazi ni ileile. Kilichobadilika ni mahali pa kukimbilia. Kituo cha nchi kavu kikipiga king'ora unaangalia upepo unakotoka, unatembea kuelekea huko hadi kwenye lango, unahesabiwa. Hatari yako kubwa huenda ikawa barabarani, kwa sababu visima vimetawanyika na gari ndilo linalotumika kutwa nzima. Kwenye jukwaa la baharini visima, separeta, kompresa, jenereta, jiko na kitanda chako vyote vimepangwa ghorofa juu ya ghorofa kwenye eneo dogo, na chini kuna maji. Kabla ya kupanda helikopta kwa mara ya kwanza nilifundishwa kutoka ndani ya kibanda cha helikopta kilichozamishwa na kupinduliwa kwenye bwawa. Nilishika fremu ya dirisha kama nilivyoelekezwa, nikasubiri maji yatulie, nikatoka. Mwalimu alikuwa amesisitiza jambo moja: usilegeze mkono wako kwenye fremu, kwa sababu ukishapinduliwa macho na masikio havitakuambia juu ni wapi. Mkono ndio utakaojua. Nililipenda somo lile. Lilikuwa swali la mzee wangu limevaa nguo nyingine.

Zamu zetu zilikuwa za saa 12, mchana au usiku, wiki kadhaa mfululizo, kisha mapumziko. Uchovu wa wiki ya tatu si wa mwili tu. Macho yanaiona skrini lakini akili inaona ilichokizoea.

Ilikuwa wiki ya tatu, zamu ya usiku, kisima kimoja kilipoanza kutoa mafuta kwa mafungu. Kisima kikizeeka maji huongezeka, presha ya mwamba hushuka, na badala ya kutiririka kwa utulivu huanza kupiga kikohozi: fungu la majimaji, kisha gesi tupu, kisha fungu jingine. Mstari wa kiwango cha majimaji kwenye separeta ulikuwa unapanda na kushuka kama mawimbi, na mimi nilikuwa nauchezea choki na vali tangu mwanzo wa zamu ili usifike juu mno wala chini mno. Mnamo saa 9 usiku mstari ukatulia. Ukanyooka kabisa. Niliegemea kiti kwa mara ya kwanza usiku ule nikajiambia kisima kimekubali.

Saa 12 asubuhi mwenzangu alikuja kupokea. Tulisalimiana, akaniona macho mekundu, akanionea huruma, wala hakuniuliza mengi. Kwenye daftari la zamu niliandika: "Hali shwari. Separeta imetulia." Nikaenda kulala.

Haikufika saa moja nikaamshwa na ukimya. Aliyewahi kuishi kwenye jukwaa anajua ninachosema: kompresa ikizima, mtetemo uliouzoea kwenye godoro unakatika, na usingizi unakatika nao. Majimaji yalikuwa yamevuka separeta na kwenda na gesi hadi kwenye chombo kinachokamata matone kabla ya kompresa. Chombo hicho kikajaa, na mtambo ukajizima wenyewe kama ulivyotengenezwa. Kama usingejizima, majimaji yangeingia kwenye kompresa inayozunguka kwa kasi iliyokusudiwa gesi tupu, na sitaki kueleza yanayofuata hapo.

Mchanga ndio uliofanya. Kisima kile kilikuwa kinatoa mchanga pamoja na maji, na mchanga ulikuwa umeziba tundu la chini linalopeleka majimaji kwenye kipimo cha kiwango. Kipimo kikabaki na majimaji yaliyonaswa ndani yake, kikiyapima yaleyale, kwa uaminifu kabisa, saa baada ya saa. Separeta yenyewe ilikuwa inajaa.

Kilichoniuma hadi leo si kule kutotambua. Ni yale maneno mawili niliyoyaandika daftarini. Mwenzangu alitumia muda mrefu akitafuta chanzo kwenye kompresa, kwenye vipozeo, kwenye vali za upande wa gesi, kila mahali isipokuwa kwenye separeta, kwa sababu mimi, niliyemtangulia na kukaa na mtambo usiku kucha, nilikuwa nimemwandikia kwamba separeta imetulia. Nilimfumba macho kwa mkono wangu mwenyewe. Na yeye alikuwa na kila haki ya kuniamini.

Kisima kilicho hai hakinyooki. Hata kikiwa na afya njema namba zake hutetemeka kidogo, kama kifua cha mtu aliyelala. Mstari ulionyooka mno ndio unaopaswa kukuinua kitini uende ukasome kioo cha kiwango kilicho kwenye chombo chenyewe kwa macho yako. Kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005, kipimo cha mnara mmoja kilionyesha majimaji chini ya mita 3 na yakiendelea kushuka, wakati ndani ya mnara yalikuwa yamepita mita 40. King'ora cha pili cha kiwango cha juu hakikulia. Watu 15 walikufa siku ile. Nilipoisoma taarifa hiyo nilikuwa tayari nimeshapata usiku wangu mwenyewe wa mstari ulionyooka, na nilijua jinsi unavyobembeleza.

Siku hizi siandiki "hali shwari." Wala simruhusu ninayemfundisha aandike hivyo, kwa sababu maneno hayo hayamwambii anayepokea umetazama nini. Naandika hivi: "Kiwango asilimia 52 kwenye skrini, asilimia 50 kwenye kioo, nimesoma saa 11:20. Mchanga umeonekana kwenye sampuli ya kisima namba 4. Geji ya upande wa kaskazini sijaijaribu." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayowatesa vijana kuiandika, maana kila mtu anataka kuondoka zamu akionekana amemaliza kazi. Mimi nawaambia wakipanda kitandani na jambo ambalo hawakulifanya, basi daftari lilale nalo macho wazi.

Kukabidhiana zamu kuliwahi kuua watu 167. Kila anayefanya kazi baharini amesimuliwa habari za Piper Alpha, jukwaa la Bahari ya Kaskazini lililolipuka usiku wa tarehe 6 Julai 1988, na kwa sababu tumesimuliwa mara nyingi tunaisikia kama sala tuliyoizoea. Ningependa mtu aisome polepole. Mchana wa siku ile vali ya usalama ya pampu moja ya kondensati, yale mafuta mepesi yanayotokana na gesi, ilitolewa ikaguliwe, na pale ilipokuwa pakafunikwa kwa flenji butu, yaani sahani ya chuma isiyo na tundu. Kazi haikuisha siku hiyo. Kulikuwa na kibali kimoja cha kazi kwa ajili ya pampu, na kibali kingine kwa ajili ya vali. Usiku pampu ya pili ikazima na ikakataa kuwaka. Wa zamu ya usiku walijua habari za kibali cha pampu ile ya kwanza, na pampu yenyewe ilikuwa bado haijafumuliwa, kwa hiyo wakaona inaweza kurudishwa kazini. Habari za vali hazikuwafikia. Vali ile ilikuwa juu, mbali na pampu, mahali ambapo aliyesimama kwenye pampu hawezi kuiona. Wakaiwasha. Kondensati ikavuja kwenye flenji, ikawaka, na mlipuko wa kwanza ukafungua njia ya mingine, hasa pale mabomba ya gesi yaliyounganisha majukwaa jirani yalipopasuka kwa joto.

Walioiwasha hawakuwa wazembe. Walikuwa watu wanaoangalia pampu nzima yenye mota nzima, inayoonekana haina tatizo. Hapo tatizo lilikuwa ni karatasi moja ambayo haikusomwa mbele yao. Taarifa ya uchunguzi ya jaji Lord Cullen ilitoka mwaka 1990 ikiwa na mapendekezo 106, na mengi ya taratibu tunazoziona leo kama kero, vibali vinavyounganishwa kimoja na kingine, kufuli na lebo kwenye kila vali, kukabidhiana ana kwa ana mbele ya daftari, yametiwa nguvu na usiku ule. Kijana akinilalamikia kuhusu makaratasi namwambia aende asome majina.

Kuna jambo jingine ambalo bahari ilinifundisha zaidi ya nchi kavu, nalo ni sifuri ya upande mmoja. Gesi ikikutana na maji kwenye presha kubwa na baridi ya chini ya bahari, huganda pamoja kuwa kitu kama barafu tunachokiita haidreti. Kinaweza kuganda hata kwenye nyuzijoto ambazo maji ya kawaida yasingeganda kamwe. Bomba likizibwa na donge la haidreti, upande mmoja unaweza kukamuliwa hadi sifuri huku upande wa pili ukiwa na presha yote ya kisima. Likiyeyuka kidogo na kuachia ukuta, donge linaondoka kama risasi, na kona ya kwanza ya bomba ndiyo inayolipokea. Kwa hiyo tunaingiza bombani kemikali za kuzuia mgando kabla, na likishaganda tunashusha presha pande zote mbili kwa pamoja, polepole, kwa siku kadhaa ikibidi. Hakuna anayeruhusiwa kusema "upande huu ni sifuri" akanyamaza. Lazima aseme upande wa pili ni ngapi.

Naleta habari hiyo kwa sababu ya kisima cha Macondo kwenye Ghuba ya Mexico, kilichokuwa kikichimbwa na rigi, yaani mtambo wa kuchimbia visima, iitwayo Deepwater Horizon kwenye maji ya kina cha karibu mita 1,500. Tarehe 20 Aprili 2010 wachimbaji walikuwa wanajaribu kama saruji iliyo chini ya kisima imekishika kweli. Walipunguza uzito wa kilicho juu ya saruji, wakasubiri waone kama kisima kitasukuma. Bomba la kuchimbia likaonyesha presha ya psi 1,400, kama bar 97. Njia nyingine nyembamba iliyounganika na kisima hichohicho ilisoma sifuri na haikutoa kitu. Chombo kimoja, midomo miwili, na midomo hiyo ilipaswa kusema neno moja. Wakaja na maelezo ya kwa nini psi 1,400 si kitu, wakaikubali sifuri, wakaendelea na kazi. Usiku ule kisima kikalipuka. Watu 11 walikufa, na ilichukua siku 87 kuyazuia mafuta yasitoke.

Nikiisoma habari hiyo simwoni mjinga hata mmoja. Najiona mimi na tiki zangu mbele ya kipokezi. Ukishataka sana kazi iishe, na sifuri ikajitokeza ikikuambia imeisha, utaichagua sifuri na kuitafutia sababu namba nyingine. Ndivyo tulivyo. Ndiyo maana siamini umakini wa mtu peke yake, hata wangu. Naamini mtu wa pili asiyeitamani kazi iishe kama mimi, ambaye ana ruhusa ya kunivuta begani.

Hata pua si ya kuaminiwa. Salfidi ya hidrojeni inayotoka kwenye baadhi ya visima hunuka kama yai viza ikiwa kidogo sana, lakini ikifikia kama sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa. Harufu ikipotea ghafla, mgeni hufurahi, mwenyeji hukimbia. Vitambuzi vya gesi navyo vina lao. Tuliwahi kuleta gesi ya majaribio kwenye chumba cha kompresa, na vitambuzi vitatu vikabaki kwenye sifuri huku gesi ikipuliziwa kwenye vinywa vyake. Mtu alikuwa amepulizia dawa ya silikoni kulainisha mpira wa milango, na silikoni huitia sumu ile shanga ndogo ya ndani inayopaswa kuunguza gesi na kuitambua. Kwa majuma, skrini ilikuwa imetuonyesha chumba safi. Baada ya hapo makopo ya silikoni yalipigwa marufuku eneo lote, na jaribio la vitambuzi likafanywa kwa gesi halisi, si kwa kubonyeza kitufe.

Na kuna sifuri moja zaidi, ambayo haimo kwenye chuma. Inaning'inia kwenye lango la kila kituo: siku kadhaa bila ajali. Sipingi ubao huo kuwepo. Ninachosema ni kwamba nao ni geji, na njia inayoileta namba pale ni midomo ya watu. Nilifanya kazi mahali ambapo aliyeripoti kidole kilichobanwa aliitwa ofisini, akaandikishwa maelezo kurasa tatu, na timu yake ikakosa zawadi ya mwezi. Baada ya muda hakukuwa na vidole vilivyobanwa. Viongozi walifurahi. Sisi tuliokuwa chini tulijua watu wanafunga vidonda vyumbani. Ubao ulikuwa unasoma sifuri kwa sababu njia imeziba, kama nta ilivyoziba geji yangu. Mchana wa ile siku ya Macondo kulikuwa na wageni wakubwa kwenye rigi, na mojawapo ya mambo waliyokuja kuyapongeza ni miaka saba bila ajali ya kumtoa mtu kazini.

Msimamizi bora niliyewahi kuwa naye alikuwa na desturi ya kushuka kwenye zamu ya usiku bila kuitwa. Hakuuliza tumetoa mapipa mangapi. Aliuliza, "Leo nini kimekushangaza?" Ukimwambia hakuna, alivuta kiti akakaa. Angekaa hadi ukumbuke. Kwenye kazi hii kila saa ya mtambo kuzima ina hesabu yake ya mapipa, pipa moja lita 159, na simu kutoka makao makuu haichelewi: mtarudi lini? Swali hilo ni halali, kampuni ni ya kuzalisha. Lakini yule msimamizi alilipokea yeye, akalizuia mlangoni, sisi tukapima.

Mwaka jana nilikuwa chumba cha udhibiti, mimi ndiye mkuu wa zamu, na simu hiyo ilikuwa sikioni mwangu. Tulikuwa tumetenga chombo kimoja ili kibadilishwe gasketi. Binti aliyekuwa kwenye safari yake ya pili baharini alikuwa amesimama pale kwenye chombo, na nyuma yake fundi wawili na spana zao.

"Geji inasoma sifuri, mkuu," akasema redioni. Kisha akanyamaza kidogo. "Ila sijaiamini. Naomba nipime na upande wa chini kwanza."

"Pima," nikamwambia. Kwenye simu nikasema tutachelewa.

Ilimchukua dakika 40. Alifunga geji nyingine, akaupisha mvuke kwenye njia ya chini, akasubiri, akahakikisha inatoa, akaisoma. Hakukuwa na presha yoyote. Chombo kilikuwa kitupu tangu mwanzo, na geji ya kwanza ilikuwa imesema kweli. Aliporudi ndani kubadilisha glavu nilimwona anakwepa kunitazama, kama mtu aliyewapotezea wenzake muda. Nikamsogezea daftari na kalamu. Akaandika, kwa herufi kubwa za mtu anayejifunza mwandiko wa kazini: "Nimepima pointi mbili. Juu sifuri, chini sifuri. Njia zote mbili ziko wazi, nimeona zikitoa." Akaweka saa, akatia sahihi, akatoka kwenda kuwaambia mafundi wafungue.